Jiko la peleti: AL 5 alfajiri, AL 8 upepo ukivuma. Nani anazijua hizi alamu?

#1 MwanaMolo
Wadau, salamu. Nina jiko la peleti la kupasha nyumba joto, mtumba, shemeji alilitia kwenye kontena pamoja na vyombo vyake aliporudi kutoka Italia. Kilowati 8, kioo mbele, tangi la peleti (vile vijiti vya vumbi la mbao lililoshindiliwa) nyuma, na kiskrini cha tarakimu nyekundu. Niko upande wa juu wa Molo, na anayeijua Julai ya Molo hataniuliza nalitakia nini.

Jioni linawaka bila shida. Peleti zinadondoka, moto unasimama, watoto wanavua sweta. Alfajiri nikiliwasha feni inazunguka, peleti zinadondoka, moshi mweupe unajaa nyuma ya kioo, halafu AL 5 na kelele mpaka mtoto anaamka. Nikiifuta alamu na kuanza upya mara linakubali, mara linagoma. Siku za upepo ni kisa kingine: linawaka vizuri, halafu katikati ya moto linaandika AL 8 na kujizima.

Bomba la moshi nimelisugua. Peleti nachukua kwa jamaa wa Elburgon anayeshindilia vumbi la mbao. Kitabu cha maelezo ni cha Kiitalia na kurasa za nyuma zimeliwa na panya. Msaada tafadhali.

#2 OmeraWaKondele
Sisi huku Kisumu tunalala madirisha wazi na bado shuka linalowa jasho, wewe umeletewa moto kwa meli. Swali dogo tu: chai linachemsha?

#3 MwanaMolo
Halipiki. Juu pana bati la kupasha kikombe, basi.

#4 OmeraWaKondele
Kumbe ni televisheni yenye joto. Endeleeni.

#5 FundiBodi (Nakuru)
Mwacheni Omera. Mkubwa, alamu za AL 1 hadi AL 8 ni za bodi ya Micronova, ile saketi inayoendesha jiko. Iko ndani ya majiko mengi sana ya Kiitalia hata kama jina lililobandikwa mlangoni ni lingine. AL 1, stima ilikatika moto ukiwaka. AL 2, sensa ya joto la moshi imekatika au imechomoka. AL 3, moshi umekuwa moto kupita kiasi. AL 4, feni ya moshi haizunguki, au inazunguka lakini bodi haipati habari zake. AL 5, halikuwaka. AL 6, moto umezimika kwa kukosa peleti. AL 7 ni thamostati ya usalama, ile yenye kitufe chini ya kifuniko cheusi cha kufungua kwa mkono, huwa nyuma. AL 8, mvuto wa hewa ndani ya jiko umepungua na swichi ya presha imekata.

Sasa AL 5 ndiyo inayowapoteza watu. Bodi haina macho. Haijui kama kuna moto au hakuna, inachosoma ni sensa ya moshi tu. Ukiwasha, feni inapuliza kwanza, kiwashio kinapata moto, peleti za kwanza zinaangushwa, halafu bodi inaanza kungoja. Joto la moshi lisipofika kiwango kilichowekwa, ndani ya robo saa au zaidi kidogo kutegemea mtengenezaji, inaandika AL 5. Nimeshaona jiko lina moto wa kuonekana kabisa kwenye kioo na bado linalia AL 5, kwa sababu ncha ya sensa ilikuwa imezikwa kwenye masizi.

Kwa hiyo niambie: alfajiri unaona moto, au moshi tu? Na ukifungua baadaye, peleti kwenye bakuli la moto zimeungua au mbichi?

#6 Mtaa58
Fundi, changu kikishindwa kuwaka kinaandika A01. Hiyo 1 ya stima kukatika umeitoa wapi?

#7 FundiBodi
Chako ni A, chake ni AL. Kuna watengenezaji wenye orodha zao: A01 halikuwaka, A02 moto umezimika wenyewe, na kuendelea. Usichukue namba ya jiko moja ukaipeleka kwa jingine. Ndivyo watu wanavyonunua sensa ambazo hazina kosa. Angalia kibandiko nyuma ya jiko kwanza.

#8 MwanaMolo
@FundiBodi moshi tu, mwingi. Peleti za katikati zimekuwa nyeusi, za pembeni mbichi kabisa, unaweza kuzirudisha kwenye tangi.

Nimetoa bakuli la moto nikalitazama kwenye mwanga. Lina vitundu vidogo chini na pembeni, na tundu moja kubwa nyuma ambako ncha ya kiwashio inachungulia. Hilo tundu kubwa lilikuwa na ukoko wa kijivu, mgumu, unaong'aa upande mmoja. Nimeubandua kwa bisibisi ukatoka mzima, umbo la tundu limechorwa juu yake. Vitundu vya chini karibu nusu vimeziba na jivu lililoshikamana. Kuna mtu anaweza kuniambia huo ukoko ni nini? Mbao haiachi kitu kama hicho.

#9 MamaWaNjoro
Mwanangu, mimi nina vyumba vya wageni huku Njoro na kimoja kina jiko la aina hiyo. AL 8 ilinisumbua msimu mzima. Fundi wa kwanza alitaka tubadilishe bodi. Wa pili akataka tubadilishe feni. Kijana mmoja akaja, hakuwa na vifaa vingi, akachomoa ule mpira mwembamba wa silikoni unaotoka kwenye swichi ya presha na kujaribu kupuliza. Hewa haikupita. Kule unakoishia, kwenye kibomba cha chuma kinachoingia njia ya moshi, palikuwa pamejaa masizi hadi pomoni. Akachokonoa kwa spoki ya baiskeli, akarudisha, likawaka.

Ila chomoa mpira upande wa swichi kabla ya kupuliza. Ndani ya swichi kuna kiwambo chembamba sana, ukipuliza kwa nguvu umekiharibu na hapo ndipo utanunua kweli.

Na chungulia bomba la kuingiza hewa, sio la kutoa moshi peke yake. La kwangu lilikuwa na kiota cha nyigu wa udongo, wamejenga mpaka wamefunga njia.

#10 FundiBodi
Mama amesema yote. Hilo la nyigu liandikwe kwa wino mwekundu. Wazungu hawaliweki kwenye kitabu.

#11 MbaoElburgon
Naona Elburgon imetajwa. Mimi nina mashine ya mbao, siuzi peleti, lakini nawajua wanaoshindilia.

Vumbi la mbao linalotoka kwenye msumeno, mti ukiwa umekatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mashine ya peleti inataka vumbi lililokaushwa mpaka maji yabaki kidogo sana, la sivyo peleti inatoka laini. Ulaya peleti za daraja la ENplus A1 haziruhusiwi kuzidi unyevu wa asilimia 10, na jivu lisizidi asilimia 0.7. Hapa kwetu wengi wanakausha juani kwenye turubai. Wiki ya ukungu, jua liko wapi?

Chukua peleti moja uivunje kwa vidole. Nzuri inakatika kwa mlio. Mbaya inameguka kama mkate wa jana. Halafu tia chache kwenye glasi ya maji: zilizoshindiliwa vizuri zinazama papo hapo, na baada ya dakika chache zinafumuka kuwa vumbi. Zikielea, umeuziwa hewa. Na gunia usiliweke juu ya sakafu ya simiti. Liinue kwenye mbao, simiti ya Molo inatoa maji.

Zamani kidogo vumbi lilikuwa la kutupa. Ilipokuja marufuku ya kukata miti 2018 mashine zikafungwa, hata vumbi likawa mali. Mwaka 2023 rais akatangaza hapo hapo Molo kwamba marufuku imeondolewa, kesi zikafuata, kazi ikawa ya kupanda na kushuka. Katika vipindi kama hivyo wengine wanaongeza vitu ambavyo si mbao. Huo ukoko unaong'aa unanitia wasiwasi.

#12 OmeraWaKondele
Mzee wa Elburgon unatoa ushahidi dhidi ya mji wako mwenyewe. Hakimu amesikia.

#13 MwalimuKericho
Habari za leo wanajukwaa. Mnazungumzia uchafu na unyevu, lakini hakuna aliyetaja hewa yenyewe. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa pwani ni kilopaskali 101, Molo ni kama 75. Yaani katika kila lita ya hewa inayovutwa na feni, robo ya oksijeni ambayo mtengenezaji aliihesabu haipo. Feni husukuma ujazo, haisukumi uzito. Mota ya kulishia nayo haina habari, inaangusha peleti zile zile. Matokeo yake ni mafuta mengi, hewa kidogo, moshi mwingi, masizi mengi.

Na AL 8 inaingia hapo hapo. Mvuto ambao feni inaweza kutoa kwa mzunguko ule ule hupungua kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Swichi ya presha imepangiwa kiwango chake kiwandani na haijui iko Molo. Jiko linafanya kazi ukingoni, kisha upepo kidogo unalisukuma nje ya ukingo. Mimi sioni haja ya kutafuta nyigu.

#14 FundiBodi
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi lakini haitoshi. Majiko haya haya yanawaka milimani Italia. Livigno iko mita 1,816, karibu sawa na Nakuru mjini, na kule wanapasha nyumba karibu mwaka mzima. Hapa Nakuru nimewasha kadhaa bila kugusa chochote.

#15 MwalimuKericho
Livigno jiko huwashwa mara ya kwanza na fundi wa kampuni, anaingia kwenye menyu ya mafundi na kupunguza peleti, kuongeza feni. Hili la Molo limetoka nyumba gani? Kama ilikuwa ya bondeni, limekuja na mipangilio ya bondeni. Isitoshe, kati ya Nakuru na Molo kuna mita zaidi ya 600. Hizo si za kupuuza.

#16 FundiBodi
Hapo kwenye mipangilio nakubali. Lakini nauliza: kama ni mwinuko, kwa nini jioni linawaka? Molo haishuki jioni.

#17 MwalimuKericho
Kwa sababu alfajiri bomba ni baridi kama barafu na hewa iliyomo ndani yake ni nzito. Jioni nyumba ina joto, bomba lina joto, mvuto wa asili unasaidia feni.

#18 VoltiChini (Eldoret)
Mnazunguka. Tafuta mita, pima stima saa hiyo ya alfajiri. Nguvu ya kiwashio hufuata mraba wa volti. Kiwashio cha wati 300 kwa volti 230, ukikilisha volti 190 kinabaki na kama wati 205. Theluthi nzima imepotea. Moshi bila moto ndiyo dalili yenyewe: peleti zinaivishwa, haziwashwi. Huku kwetu kuna mistari ambayo taa zinakuwa nyekundu kila asubuhi.

#19 Mtaa58
Stima huwa hafifu jioni, saa moja hadi saa nne usiku, kila mtu yuko nyumbani. Na jioni ndipo linawaka. Nadharia yako inatembea kinyumenyume.

#20 VoltiChini
Mjini, ndiyo. Mashambani inategemea nani yuko kwenye transfoma yako.

#21 MwanaMolo
Kwenye transfoma yetu kuna jirani mwenye mashine za kukamua ng'ombe na mashine ya kukata nyasi. Anaanza kabla hakujapambazuka. Sijawahi kuhusisha mambo haya mawili. Mita sina, nitaazima.

#22 FundiBodi
Ukiipata pima na kiwashio chenyewe, kikiwa kimepoa na waya zake zimechomolewa. Cha wati 300 kinapaswa kusoma karibu omu 176. Mita ikionyesha ukinzani usio na mwisho, kimekatika. Kikisoma sawa, kiwashio ni kizima na VoltiChini anaweza kuwa na hoja. Kabla ya hapo lakini: unasafisha bakuli saa ngapi?

#23 MwanaMolo
Jioni, kabla ya kuwasha.

#24 FundiBodi
Basi! Jioni unawasha bakuli safi. Alfajiri unawasha juu ya jivu na ukoko wa usiku mzima, tundu la kiwashio limeziba. Hewa ya moto haipiti. Safisha alfajiri uone.

#25 KijanaWaWebuye
Hiyo AL 8 ni rahisi, msimpoteze mwenzenu. Swichi ya presha ina waya mbili. Zichomoe uziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Bodi haitalalamika tena.

#26 MamaWaNjoro
Kijana, usimuue mwenzio. Ana mtoto anayelala humo.

#27 FundiBodi
Nakazia. Hiyo swichi ndiyo inayojua kama moshi unatoka nje au unarudi ndani. Ukiiruka, siku bomba likiziba jiko litaendelea kuangusha peleti na kuchoma, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani na hawakuamka. Hili la peleti lina nguvu kuliko la makaa. Atakayenipigia simu akiwa ameiruka swichi, siji.

#28 KijanaWaWebuye
Nilisema kwa kupima tu, dakika moja.

#29 FundiBodi
Kwa kupima kuna manomita, kipimo cha shinikizo. Hupimi kwa kukata kengele.

#30 OmeraWaKondele
Haya, sasa niwe mtu wa maana. Kama shida ni peleti za Elburgon, huku chini tuna mabaki ya kutosha. Muhoroni na Chemelil kuna makapi ya miwa, milima na milima. Ahero kuna maganda ya mpunga, wanayachoma tu kando ya barabara. Mtu akileta mashine ya kushindilia nampa eneo, tunaiuzia Molo nzima.

#31 MbaoElburgon
Maganda ya mpunga yana jivu karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika. Kwenye bakuli dogo kama la huyu bwana litajaa kabla maji ya chai hayajachemka. Makapi ya miwa ni nafuu kidogo lakini bado yana jivu kuliko mbao. Yapeleke kwenye boila za viwanda vya chai Kericho, zile zimejengewa kula kila kitu.

#32 MwalimuKericho
Na ukoko wa #8 unafanana sana na habari hiyo. Jivu lenye silika na potasiamu huyeyuka kwa joto la bakuli la moto, kisha likipoa linakuwa kama kioo. Inawezekana muuzaji amechanganya.

#33 MbaoElburgon
Au vumbi lilizolewa chini pamoja na mchanga. Mchanga nao ni silika. Sio kila mtu ni mwizi, mwalimu, wengine wana ufagio tu.

#34 OmeraWaKondele
Biashara yangu imekufa kabla ya usajili. Linakula kilo ngapi kwa saa hilo dude?

#35 FundiBodi
Kilo ya peleti nzuri ina kama kWh 4.8. Kwa kilowati 8 na ufanisi wa asilimia 90, moto wote, karibu kilo 1.9 kwa saa. Mfuko wa kilo 15 unakwisha kwa saa nane hivi. Ukiliweka chini kabisa linakwenda zaidi ya siku.

#36 OmeraWaKondele
Kilo mbili kwa saa, na chai bado mnachemshia gesi. Ero kamano, nimeelimika.

#37 Milimani60
Samahani kuingilia. Langu limetoka Marekani, volti 120, nalitumia na transfoma ya kushusha. Halina tarakimu, lina taa tu zinazometa. Moto ni mdogo tangu lilipofika, kioo kinakuwa cheusi kila siku. Transfoma nimebadilisha, hakuna tofauti. Mnanisaidiaje?

#38 VoltiChini
Transfoma inashusha volti, haibadilishi masafa. Kule ni Hz 60, hapa Hz 50. Mota ya kulishia na feni nyingi za zamani hufuata masafa, kwa hiyo zinapungua kasi kwa sehemu moja ya sita hivi. Peleti kidogo, hewa kidogo, joto kidogo.

#39 Milimani60
Kwa hiyo dawa?

#40 VoltiChini
Inveta ya kutoa Hz 60, wimbi safi la sine, sio zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi. Zile zinafanya mota zingurume na bodi ichanganyikiwe. Au mota za Hz 50. Au uliuze kwa mtu usiyempenda.

#41 MwanaMolo
Nimerudi na majibu, mtanisamehe si ya kufurahisha.

Mita nimeazima. Jioni volti 228. Alfajiri kabla ya jirani kuanza 233, akianza inashuka hadi 204, mara inaruka, mara inarudi. Kiwashio kinasoma 171, kwa hiyo ni kizima. Mpira wa silikoni ulikuwa na masizi lakini haukuziba kabisa, hewa ilipita kwa shida. Nimeuosha. Nyigu hakuna, ila buibui alikuwepo.

Nikasafisha bakuli alfajiri kama FundiBodi alivyosema. Likawaka mara ya kwanza, nikafurahi. Kesho yake nikasafisha tena, AL 5. Siku hiyo jirani alikuwa anakata nyasi. Keshokutwa yake jirani alikuwa anakata nyasi vile vile na likawaka. Peleti zimezama kwenye glasi zote isipokuwa chache.

AL 8 bado. Jana upepo kutoka upande wa msitu wa Mau, likazima likiwa na moto mzuri.

#42 VoltiChini
204! Nilisema.

#43 FundiBodi
204 inatoa wati kama 236. Inachelewesha, haizuii. Jiko linalowaka siku moja kwa 204 na kugoma siku nyingine kwa 204 lina shida nyingine juu yake.

#44 MwalimuKericho
Na ndiyo maana nikasema ukingoni. Jambo lolote dogo linalisukuma.

#45 MamaWaNjoro
Mwanangu, bomba lako linatokaje nje? Eleza vizuri.

#46 MwanaMolo
Linatoka nyuma ya jiko, linapita ukutani kwa ulalo kama mita moja na nusu, nje lina kiwiko kinachoangalia chini, basi. Milimita 80. Fundi wa jua kali alisema feni inasukuma kwa hiyo halihitaji kupanda.

#47 MamaWaNjoro
Na ukuta huo unaangalia Mau?

#48 MwanaMolo
Ndiyo.

#49 FundiBodi
Sasa tunazungumza. Upepo unagonga ukuta, shinikizo linapanda pale pale mdomo wa bomba ulipo, feni inasukuma dhidi ya upepo, swichi inakata. Weka kipande cha T nje chenye kifuniko cha kusafishia chini, panda wima hadi juu ya paa, na kofia ya kuzuia upepo. Ukipanda sana chukua milimita 100 badala ya 80. Bomba la wima pia linakupa mvuto wa asili hata stima ikikatika, moshi uliobaki unatoka wenyewe badala ya kuingia sebuleni.

Na kabla hujanunua bomba, kata karatasi nyembamba, ifungie kwenye mlango wa jiko, ivute. Ikitoka bila kushikwa, kamba ya kuziba mlango imechoka na hewa inaingia kwa njia ya mkato. Jaribu pande zote nne, na mlango wa sanduku la jivu pia. Huo ndio wanaousahau.

#50 MwanaMolo
Nimejaribu sasa hivi. Juu na kushoto inashika. Kulia chini karibu na bawaba karatasi inateleza. Sanduku la jivu inashika.

#51 Mtaa58
Kwa hiyo ni kamba.

#52 MwalimuKericho
Au kamba na bomba na mwinuko.

#53 VoltiChini
Na stima.

#54 MbaoElburgon
Na mchanga. Kamba ya mlango ya namna hiyo inapatikana kwenye maduka yanayouza vifaa vya oveni za mikate Nakuru, pima unene kabla hujaenda. Usikubali ya pamba.

#55 FundiBodi
Nitakuwa Molo wiki ijayo kwa friji ya duka moja la nyama. Nikipata nafasi nitabeba manomita, tusome paskali kabla na baada ya kubadilisha kamba. Bomba usilinunue bado. Menyu ya mafundi usiiguse, ukibadilisha namba bila kuandika ya zamani hata mimi sitakusaidia.

#56 MwanaMolo
Karibu sana fundi. Nitakutumia ujumbe.

#57 MwalimuKericho
Tafadhali weka hizo paskali hapa hadharani. Nina hesabu yangu tayari ya kuzilinganisha.

#58 BaridiYaTimboroa
Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi niko zaidi ya mita 2,700, nimepewa jiko kama hilo na bado halijatolewa kwenye boksi. Je, nilifunge au niliuze?

#59 OmeraWaKondele
Uza. Kuna mtu wa Milimani anatafuta la Hz 50.